Ajieleze kwa mkono upi?

Jirani yangu alinigongea juzi usiku. Mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi karibu na kiwiko, wa kushoto umeshika bahasha. "Kaka, nisaidie kuandika." Vidole viwili vimebaki kwenye krasha, ile mashine ya kusaga plastiki kiwandani kwao, na bahasha yenyewe ni barua ya kumtaka ajieleze ndani ya saa 48 kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu. Ajieleze kwa maandishi! Afisa rasilimali watu wa pale ana vichekesho.

Kilichotokea zamu nzima inakijua. Saa nane usiku krasha ilikwama, jamaa akaingiza mkono kuondoa kipande, kijana mwingine akabonyeza swichi bila hata kuita. Kijana huyo ni mtoto wa dada yake meneja. Barua hakupewa. Alipewa siku tatu za kupumzika kwa kuwa "amepata mshtuko", na sasa yupo ofisini, chini ya feni.

Sina ugomvi na undugu. Mimi mwenyewe pale niliingizwa na mjomba. Lakini mjomba alinitafutia kazi, hakunitafutia mtu wa kubeba makosa yangu.

Haya, jamaa alipaswa kuzima swichi kuu kwanza. Sibishi. Ila kile kizuizi cha mdomoni mwa krasha kilitolewa kwa amri ya nani? Nilikuwa stoo wakati huo. Tuliambiwa kinachelewesha mzigo, kikaletwa kwangu, nikakiandika kwenye daftari kwa mkono wangu. Bado kipo pale, kimejaa vumbi. Aliyeamuru kitolewe naye aandikiwe basi! Thubutu. Mimi niliwahi kukatwa mshahara kwa maboksi mawili yaliyolowa mvua. Bati lililokuwa linavuja hakuna aliyeliuliza.

Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, yaani kanuni za ajira za hapa Tanzania, linataka, kabla mtu hajafukuzwa kwa kuvunja kanuni, iangaliwe kama kanuni hiyo inatumika kwa wote. Kwa wote, pamoja na wapwa.

Na barua hii kazi yake naijua: kumtia hofu asifuatilie fidia. Ajione mkosaji, anyamaze. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haukutaki kwanza uthibitishe kwamba mwajiri ndiye mzembe; umeumia kazini, unadai. Mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa ya ajali. Leo ni siku ya 12 na fomu haijajazwa, eti "wanasubiri maelezo yake." Jamaa ana watoto watatu na kodi ya nyumba inaisha mwezi huu.

Tumeandika ukurasa mmoja na nusu. Nimeweka na namba ya kizuizi kama ilivyo kwenye daftari la stoo. Kusaini amekataa nimsaidie; amesaini mwenyewe kwa kushoto, sahihi imetoka kama ya mtoto wa chekechea. Wakisema si yake, atawaonyesha bandeji.