Acheni kukisingizia fero

Lile jedwali la kitenzi cha Kilatini, fero, limeanza tena kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mstari mmoja: fero, ferre, tuli, latum, yaani "ninabeba", "kubeba", "nilibeba", "iliyobebwa". Pembeni, "kubeba". Chini yake, kwa wino mwekundu, "HAKINA KANUNI, KARIRI". Basi, somo limekwisha. Mwanafunzi wa seminari ndogo anauimba mstari kama yuko mchakamchaka, halafu anakutana na allatum kwenye zoezi, anapekua herufi A ya kamusi kuanzia mwanzo hadi mwisho, anatoka mikono mitupu. Eti Kilatini kigumu.

Hakina kanuni? Kiweke fero ubavuni mwa rego, "kutawala", kitenzi kitulivu cha kundi la tatu. Rego, regis, regit, regimus, regitis, regunt. Fero, fers, fert, ferimus, fertis, ferunt. Kilichopungua ni irabu i, mara tatu tu, kabla ya s na kabla ya t. Kabla ya r nako irabu inadondoka: wakati mwenzake ana regere, regerem, regeris, yeye ana ferre, ferrem, ferris. Ferebam ni ya kawaida. Feram, feres, feret za wakati ujao, za kawaida. Ferens na ferendus, vilevile. Ukishafika tuli ndiyo kabisa: tulisti, tuleram, tulero, tulissem zinakwenda kama kitenzi kingine chochote cha Kilatini. Ferri, "kubebwa", hiyo nakubali shingo upande kwamba ni kaidi, maana kwa kundi lake ungetegemea feri. Na juu ya ukaidi inafanana herufi kwa herufi na ferri, "ya chuma". Haya, tumewapa moja.

Anayelazimisha irabu irudi hapati neno bovu ambalo mwalimu ataliona upesi. Anapata neno zima la kitenzi kingine. Feris ni ya ferio: "unapiga". Ferit, "anapiga". Sentensi inasimama vizuri, ila mtumishi aliyetakiwa kuleta maji sasa anayachapa.

Na amri yake, fer, bila e ya mwisho, kama dic (sema), duc (ongoza) na fac (fanya). Hapo ndipo watu huguna. Wanaguna nini? Kitenzi chetu wenyewe cha kazi hiyohiyo, kuleta, ukiamrisha sawasawa unasema "lete", na kuja kunageuka "njoo", na sijasikia mtoto akiandikiwa hayo kwa wino mwekundu.

Ila kosa kubwa la jedwali ni kumwonyesha mtu maneno manne kama mbegu nne zisizojuana. Hapo kuna mashina mawili. Fer- ni moja. Tuli na latum ni za shina la pili, lile la tollo, "kuinua". Latum ilikuwa na t mbele, tlatum, ikadondoka. Plautus, mtunzi wa kale wa tamthilia za Kilatini, bado anaandika tetuli badala ya tuli. Tollo naye, baada ya tuli yake kuchukuliwa na fero, akabaki na sustuli na sublatum. Ukilijua hili, unajua kwamba kila unapoona tul au lat ndani ya kitenzi, mwenye nyumba huenda ni fero.

Sasa viambishi. Kiambishi cha mbele hubadilika kwa kusikiliza konsonanti inayofuata, na hapa konsonanti ni tatu: f, t, l. Ndiyo maana ad inatoa affero, attuli, allatum. Ob inatoa offero, obtuli, oblatum. Con: confero, contuli, collatum. Ex: effero, extuli, elatum. Dis: differo, distuli, dilatum. In: infero, intuli, illatum. Ab ndiyo mkorofi wao: aufero, abstuli, ablatum, na ni hiyo ablatum iliyoipa jina ablativi, ile hali ya nomino mnayoilalamikia kila siku. Refero ina rettuli, t mbili, kwa sababu ile tetuli ya kale imeacha mguu wake mlangoni.

Kwa hiyo ukikwama na allatum, usianze kamusi. Tenga lat. Kilichobaki ni al-. L yake imezaliwa na l inayofuata, kwa hiyo uliza ni kiambishi gani kinachoweza kugeuka al-. Ni ad. Rudisha fer mahali pa lat, ad iwe af-, na unatafuta affero. Mara chache utaangukia sublatum, ukatafuta suffero, ukakuta maana haikai. Hiyo ni ya tollo. Nilishasema ni ndugu.

Maana nazo zimekatwa mno. Kubeba, sawa. Lakini pia kuleta, kuvumilia, na ferunt au fertur ni "inasemekana". Njia nayo ikielekea mahali, via fert.

Wimbo wenyewe wa fero, ferre, tuli, latum siupingi, unakaa kichwani. Ila uimbeni na viambishi vyake, halafu fungueni maandishi badala ya jedwali. Sala ya Ekaristi ya Kwanza, ile ya Misa, ina offerimus, offerunt, obtulit na perferri. Arusi ya Kana, Yohana 2:8 katika Vulgata, Biblia ya kale ya Kilatini, ina ferte na tulerunt katika aya moja: amri, na utekelezaji wake.

Zoezi bora kuliko yote ni Yohana 20. Aya ya 1, sublatum, jiwe limeondolewa. Aya ya 2, tulerunt, na hapo si "walibeba" bali "wamemwondoa", maana Vulgata humrudishia tollo tuli yake. Aya ya 15, sustulisti na tollam pamoja, zote za tollo. Aya ya 27, Tomaso anaambiwa infer, kisha affer, amri mbili zisizo na e. Halafu inakuja in latus meum, na yule aliyekariri jedwali anaruka kwa furaha kwamba ameiona latum imevaa nguo nyingine. Tulia. Ingekuwa ya fero, latus ingeandamana na meus. Meum inakuonyesha kwamba ni nomino isiyo ya kiume wala ya kike, lateris katika umilikishi: ubavu.