Dakika ishirini za Lexington

Mtu wa kwetu anayeishi New York au Dallas akisikia mwenzake amehamia Lexington, Kentucky, huuliza kwa huruma: "Sasa huko porini mnafanya nini?" Swali lina haki yake. Uwanja wa ndege wa hapa hauna ndege ya kuvuka bahari. Ukipigiwa simu ya msiba Kigoma au Bukavu, unaanza kwa kutafuta njia ya kufika Atlanta, Chicago au Washington. Maghorofa ya katikati ya mji unaweza kuyahesabu bila kugeuza shingo. Ukishavuka Man o' War Boulevard, barabara iliyopewa jina la farasi wa mashindano, huchukui muda unakutana na farasi wenyewe, wamefugwa kwenye majani ya kijani nyuma ya uzio wa mbao, na mabanda yao ni mazuri kuliko nyumba za wengi wetu.

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 322,570. Kwa Marekani huo ni mji wa kadiri: si kijiji, si jiji. Hata hivyo Kiswahili ni miongoni mwa lugha za kigeni zinazosikika sana hapa baada ya Kihispania, na sehemu kubwa ya wanaokizungumza ni familia za Kikongo zilizoletwa na mpango wa kuhamisha wakimbizi kutoka makambini. Hawakuchagua Lexington, walipangiwa. Lakini wengi wamebaki, na wengine waliopangiwa miji mingine wakawafuata ndugu zao hapa. Mtu wa New York haulizi kwa nini.

Jibu ambalo watu wa hapa hulitoa haraka ni kwamba kodi ya nyumba ni nafuu. Ni jibu dhaifu. Kodi imepanda hapa pia, na ukipima kodi lazima upime na mshahara. Kima cha chini Kentucky ni kile cha serikali ya shirikisho, dola 7.25 kwa saa, hakijasogea tangu 2009. Katika jiji la New York mwaka 2025 kilikuwa dola 16.50. Lexington ilijaribu kujipandishia chake: baraza la mji lilipitisha mpango wa kufika dola 10.10 kwa hatua, na Julai 2016 hatua ya kwanza, dola 8.20, ikaanza. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Kentucky ikaamua, katika kesi iliyohusu Louisville, kwamba miji haina mamlaka hayo. Mpango wa Lexington ukafa nao. Ni kweli maghala na viwanda hulipa zaidi ya kima hicho, maana vinginevyo visingepata mtu wa kubeba boksi. Lakini anayelipa kodi ndogo kwa mshahara mdogo hajamwacha mbali sana mwenzake wa jiji kubwa.

Lexington inawaacha wenzake mbali kwenye saa. Takwimu za sensa kuhusu safari ya kwenda kazini zinaonyesha wastani wa dakika 20 hivi hapa, 26 hivi kwa nchi nzima, na 40 hivi jijini New York. Msomaji ataona ni tofauti ya dakika 20 tu, muda wa kunywa chai. Hebu tuifuate. Dakika 20 kwenda na 20 kurudi ni 40 kwa siku. Kwa juma la siku tano ni 200. Kwa mwaka wenye majuma 50 ya kazi ni dakika 10,000, yaani saa 166 na ushee. Mfanyakazi wa saa 40 kwa juma anafanya kazi majuma manne kuzifikisha saa hizo. Mtu wa New York anatumikia mwezi wa kumi na tatu ndani ya treni, na hakuna anayemlipa.

Nimeirudia hesabu hii kwa watu wengi, na wengi hutabasamu kama ninawauzia kitu. Basi niache tarakimu. Mama anayetoka zamu ya usiku saa 12 asubuhi, saa 12 na dakika 20 yuko mlangoni, na watoto ndiyo kwanza wanaamka. Anawavisha, anawapeleka kituo cha basi la shule, kisha analala. Mume anayeanza zamu ya saa moja anamsubiri mlangoni apokee ufunguo: gari moja, zamu mbili, familia nzima inakula. Mpango huo unahitaji safari fupi. Ukizifanya dakika 40, mume anachelewa kazini, na mtu anayechelewa ghalani hakai muda mrefu. Msiba nao ukitangazwa saa moja jioni, saa mbili sebule imejaa, viti vimeazimwa kwa jirani, na akina mama wameshaweka maji ya ugali jikoni. Hata kwaya inaweza kufanya mazoezi Jumatano. Jamaa zangu wa majiji makubwa wana kwaya pia, ila Jumatano kwao ni siku ya foleni.

Anayepinga atasema wastani ni kitu cha hila, na hapo ana hoja nzito. Dakika 20 za Lexington ni dakika za mwenye gari, kwa sababu karibu kila aliyehesabiwa anaendesha. Asiye na gari anaishi mji mwingine kabisa. Mabasi ya Lextran yamepangwa kama njiti za baiskeli: karibu yote huingia kituo cha Vine Street, kisha hutoka. Ukikaa karibu na Versailles Road (wenyeji huitamka "Vaseilzi", Mkongo akiitamka kwa Kifaransa chake safi haeleweki) na kazi yako iko upande wa pili wa mji, unapanda basi hadi katikati, unasubiri, unapanda jingine. Likikuacha, si kama daladala, kwamba nyuma yake kuna jingine linakuja na konda ananing'inia mlangoni. Jumapili ni mabasi machache zaidi. Kiwanda kikubwa cha Toyota, kinachotengeneza magari tangu 1988, kiko Georgetown, kaunti nyingine. Lextran ni ya Kaunti ya Fayette, ndiyo Lexington yenyewe, na inaendeshwa kwa kodi ya majengo ambayo wapiga kura wa Fayette waliikubali mwaka 2004. Basi la kwenda huko kila zamu usilitarajie.

Gari nalo si bure. AAA, shirika la wenye magari, lilikadiria mwaka 2024 kwamba kumiliki gari jipya nchini kunagharimu zaidi ya dola 12,000 kwa mwaka, ukijumlisha bima, mafuta na kushuka kwa thamani. Watu wetu hununua yaliyochoka, kwa hiyo wanalipa kidogo kwa bima na zaidi kwa fundi. Huko New York abiria amelipa nauli yake, amefumba macho, analala hadi kituo chake. Mshika usukani halali, au akilala ni mara moja tu.

Nakubali yote hayo, na bado nadhani wapinzani wanaliweka tatizo pasipo pake. Gharama kubwa ya mji wa namna hii inaangukia kipindi cha kabla ya gari. Mkimbizi anayepokewa hupewa msaada wa awali wa siku 90: nyumba, karatasi, kuandikisha watoto shule, kutafuta kazi. Katika siku hizo hana leseni, na kazi iliyopatikana iko maili 10 kutoka anapolala. Hapo ndipo anapoingia mtu wa lifti, mwenzetu mwenye gari la viti saba anayekusanya watu wa zamu moja na kupokea hela ya mafuta kila Ijumaa. Ni msaada, na ni hatari. Siku akigombana na msimamizi akaacha kazi, watu sita wameachishwa pamoja naye, na hao hawakugombana na mtu. Mwaka wa kwanza, Lexington ni ngumu kuliko New York. Wanaosema "huko porini" mara nyingi walisikia habari za mwaka huo, kisha hawakuuliza za mwaka wa tano.

Ufupi wa safari zenyewe una historia. Mwaka 1958 Lexington ilichora mpaka kuuzunguka mji, ikawa ya kwanza Marekani kufanya hivyo: ndani ya mpaka jenga, nje ni shamba. Nje ya mpaka huwezi kukata kiwanja cha kijijini kilicho chini ya ekari 40, na tangu 2000 mji umekuwa ukiwalipa wenye mashamba ili wasiuze kwa wajenzi. Zaidi ya ekari 30,000 zimefungwa kwa njia hiyo. Nia kubwa ilikuwa kuwalinda farasi na ardhi yao. Mbeba boksi hakuwa kwenye mawazo ya mtu, lakini ndiye aliyefaidi: mji umebanana, ghala haliko mbali na nyumba. Mpaka huohuo ndio unaolaumiwa kwa kupandisha kodi ya nyumba, kwa kuwa viwanja vimekwisha na watu wanaongezeka. Lawama hiyo si ya bure.

Mwaka 2023 baraza la mji likakubali kupanua mpaka kwa ekari kati ya 2,700 na 5,000, upanuzi wa kwanza tangu 1996. Katika mabishano yale sauti zilizovuma zaidi ni mbili, ya wenye mashamba na ya wanaotaka kujenga. Mimi ningependa wajenge, maana nimeona familia ya watu saba katika vyumba viwili. Ila ekari hizo ziko ukingoni, mbali na Vine Street kuliko mtaa wowote tunaokaa sasa. Mapokezi ya wakimbizi yalisimamishwa Januari 2025, na wachache mno wanapokewa tangu hapo. Anayefika Lexington siku hizi aghalabu ametoka jimbo jingine, amefuata dada au shemeji. Nyumba za huko zikikamilika kabla basi halijafika, huyo atahitaji gari tangu asubuhi ya kwanza, na mtu wa lifti atalazimika kuamka saa tisa usiku ili amfuate.