Tuzo Bila Kiwanda: Timothy Prestero na Hoja ya Vifaa Nafuu vya Watoto Wachanga

Mwaka 2010 jarida la TIME liliiweka NeoNurture katika orodha yake ya vumbuzi bora 50 za mwaka huo. Kilikuwa kiatamizi cha watoto njiti kilichoundwa kwa vipuri vya gari: taa za mbele zilitoa joto, feni ya dashibodi ilizungusha hewa, kengele ya mlango ikawa king'ora, na umeme ulipokatika betri ya pikipiki ingeshika zamu. Wazo lilivutia kwa sababu lilianza na jambo ambalo kila mmoja wetu analijua, kwamba mji mdogo usio na fundi hata mmoja wa vifaa tiba haukosi fundi wa magari. Shirika lililokibuni, Design that Matters, halifanyi biashara ya faida, na mwanzilishi wake, Timothy Prestero, ni mhandisi wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, aliyewahi kufanya kazi ya kujitolea nchini Côte d'Ivoire chini ya Peace Corps ya Marekani. Kiatamizi kilipigwa picha, kikawekwa kwenye maonyesho ya makumbusho, kikasifiwa. Hakikuwahi kuzalishwa kiwandani.

Kwa wanaowatilia shaka wahandisi waliogeuka wajasiriamali wa kijamii, kisa hiki kinatosha kufunga mjadala. Wanasema mhandisi wa ng'ambo hutatua tatizo analoliona kutoka mbali, hupokea tuzo kutoka kwa watu wasiowahi kulala wodini, kisha huhamia wazo jingine. Hawakosei kuhusu NeoNurture. Fundi wa magari anaweza kubadilisha taa, lakini hiyo haimfanyi aweze kuthibitisha kwamba joto ndani ya kiatamizi ni lile ambalo mtoto wa kilo moja na nusu analihitaji. Daktari naye, akipewa nafasi ya kuchagua, hataki mashine inayomkumbusha gereji. Aidha, anayelipia mashine mara nyingi si daktari wala muuguzi. Ni wizara au mfadhili, na hao wana vigezo vyao. Prestero mwenyewe aliyazungumza haya hadharani mwaka 2012, akitofautisha kubuni kwa ajili ya kuwatia watu hamasa na kubuni kwa ajili ya matokeo.

Wakosoaji wana hoja ya pili iliyo nzito zaidi, nayo haihusu tabia ya wahandisi bali sayansi. Mwaka 1978, huko Bogotá, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu viatamizi havikutosha. Kilichoanza kama njia ya dharura kikaja kupimwa kwa ukali wa kisayansi. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, Muhimbili ikiwa mojawapo, uliwafuatilia watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitulie kwanza, walikufa kwa asilimia 12.0 ndani ya siku 28. Waliopewa huduma ya kawaida walikufa kwa asilimia 15.7. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Ikiwa kifua cha mama kinafanya hivyo, wanauliza wakosoaji, kuna haja gani ya kutafuta kiatamizi cha bei nafuu?

Swali ni la haki, ila linapima fani nzima kwa kifaa kimoja. Kifua cha mama kinatoa joto, maziwa, kinga na mtu wa kumwangalia mtoto kila dakika. Hakitoi mwanga wa bluu unaotibu umanjano wa watoto wachanga. Wala utafiti wenyewe haukumshindanisha mama na mashine kwa namna inayodhaniwa, kwa kuwa hospitali hizo ziliandaa wodi ambamo mama alilazwa pamoja na mwanawe, na vifaa vya kusaidia kupumua vilikuwapo kwa makundi yote mawili. Ushahidi huo unaiangusha NeoNurture. Haukigusi kifaa kilichofuata, ambacho ndicho hasa kinachostahili kuchambuliwa, ingawa watu wengi waliosikia habari za kiatamizi cha gari hawajawahi kusikia jina lake.

Kifaa hicho kinaitwa Firefly, nacho hutibu umanjano. Takriban asilimia 60 ya watoto waliotimiza miezi na asilimia 80 ya njiti hupata umanjano katika siku zao za mwanzo, maana ini lao bado halijaweza kuiondoa bilirubini, rangi ya manjano inayotokana na kuvunjika kwa seli nyekundu za damu, mwilini kwa kasi inayotakiwa. Wengi hupona wenyewe. Wachache ambao bilirubini yao hupanda mno hupata madhara ya ubongo: uziwi, kupooza kwa ubongo, au kifo. Kwetu hatari hiyo huongezeka kwa sababu rangi ya manjano haionekani upesi kwenye ngozi nyeusi, hivyo mtoto hufika hospitali amechelewa. Tiba yenyewe inajulikana tangu miaka ya 1950, pale muuguzi Jean Ward wa hospitali ya Rochford, Uingereza, alipobaini kwamba watoto aliowatoa nje na kuwaweka juani walipungua umanjano. Daktari Richard Cremer na wenzake wakachapisha habari za tiba ya mwanga mwaka 1958. Mwanga wa bluu huibadilisha bilirubini ikawa katika umbo linaloweza kutoka kwa mkojo na choo. Kwa tiba iliyo rahisi kiasi hiki, ilibaki nini cha kuvumbua?

Kilichobaki ni wodi. Taa ya kuning'inia hutibu ikiwa karibu, na kila inaposogezwa juu ili muuguzi apate nafasi ya kufanya kazi, nguvu yake hushuka. Watoto wawili au watatu wakilazwa chini ya taa moja, walio pembeni hupata mwanga usiotosha. Mama akimwona mwanawe yu uchi, humfunika shuka, na hakuna wa kumlaumu. Mirija ya taa za zamani hupoteza nguvu yake ya bluu muda mrefu kabla ya kuzimika, na ikizimika, ofisi ya manunuzi huleta mirija myeupe ya kawaida kwa kuwa ndiyo inayopatikana dukani. Prestero na wenzake walishirikiana na MTTS, kampuni ya Hanoi ambayo tayari ilikuwa ikitengeneza vifaa vya watoto wachanga kwa hospitali za Vietnam, wakabuni kitanda kinachomtosha mtoto mmoja tu, chenye taa za LED juu na chini, ili mtoto anayefunikwa aendelee kupata mwanga kutoka chini. Urefu wa taa hauchezewi. Hakuna mirija ya kubadilisha. Kwa maneno mengine, walikubali kwamba muuguzi mwenye watoto wengi kuliko mikono yake atafanya njia za mkato, wakahakikisha njia ya mkato nayo inatibu.

Hapa ndipo takwimu moja mashuhuri inapohitaji kusomwa upya. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walikusanya orodha za vifaa tiba kutoka nchi 16 zenye rasilimali chache, jumla ya vifaa zaidi ya 112,000, wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Namba hiyo hutajwa kila mara kama kipimo cha ubovu, nami naiona ndogo mno. Orodha ya namna hiyo hutofautisha kifaa kizima na kifaa kibovu. Taa ya umanjano yenye mirija myeupe, iliyosogezwa mbali, juu ya watoto watatu, huhesabika kuwa nzima, kwa sababu inawaka. Haitibu, au inatibu kidogo kuliko inavyodhaniwa, na daktari akiona bilirubini haishuki anaweza kufikiri ugonjwa ni mkaidi. Taa iliyokufa kabisa ingalau humlazimisha mtu atafute rufaa. Yule mtoto aliye chini ya taa inayowaka bure ana jibu kwenye faili kwamba ametibiwa. Hakuna orodha ya vifaa inayomhesabu, na kwa maoni yangu Firefly ilibuniwa kwa ajili yake.

Kitanda cha mtoto mmoja kina gharama yake. Siku wodi inapokuwa na watoto watatu wenye umanjano na kitanda kimoja, mhandisi wa mbali ameshaamua kwa niaba ya muuguzi kwamba wawili wasubiri. Muuguzi mzoefu anaweza kusema, tena kwa haki, kwamba mwanga hafifu kwa wote watatu ungewafaa kuliko giza kwa wawili, hasa pale umanjano wao unapokuwa bado wa wastani. Jibu la wabunifu ni kwamba bei nafuu inaruhusu kununua vitanda zaidi, lakini hilo linategemea mnunuzi, na vifaa vingi vya aina hii vimefika wodini kwa fedha za wafadhili. Mfadhili akiondoka, hoja ya unafuu hubaki mikononi mwa bajeti ya halmashauri. Uzito wa pingamizi hili siupunguzi.

Hata hivyo, Tanzania ilipoteza watoto wachanga 24 kwa kila vizazi hai 1,000 kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022, zaidi ya nusu ya vifo vyote vya walio chini ya miaka mitano, na Kenya 21 mwaka huo huo. Katika hali hiyo, kukivunja moyo kizazi cha wahandisi wetu wa vifaa tiba kwa kuwatajia kiatamizi cha taa za gari ni kuchagua mfano rahisi. Kinachoweza kubadilishwa upesi zaidi ni hati za zabuni. Nyingi huuliza bei ya mashine na muda wa udhamini. Zingeweza kudai kiasi cha mwanga kinachomfikia mtoto pale alipolala, ambacho kwa tiba kali miongozo ya kitabibu hukiweka kuwa angalau maikrowati 30 kwa sentimita ya mraba kwa kila nanomita ya urefu wa wimbi la mwanga, pamoja na mita ya kukipima wodini, gharama ya vipuri na jina la atakayewafundisha wauguzi wa zamu ya usiku. Masharti hayo yangeziondoa mashine kadhaa za gharama kubwa pamoja na nyingi zinazojiita nafuu, na Firefly nayo ingelazimika kuyatimiza kama nyingine zote.