Siku 227 za Pi na uzi wa kupimia sufuria

Mpwa wangu alikuja kukaa nami hapa Manyatta, Kisumu, likizo ya Agosti, akiwa na Life of Pi, riwaya ya Yann Martel iliyotoka 2001 na kushinda tuzo ya Booker mwaka uliofuata. Siku ya tatu nilimkuta mezani na kalamu, akihesabu siku. Meli iliyombeba Pi, kijana msimulizi wa kitabu, pamoja na familia yake inazama 2 Julai 1977. Pi anafika ufuoni Mexico 14 Februari 1978. Julai zimebaki 29, Agosti 31, Septemba 30, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha akapiga mstari: 227, kama kitabu kinavyosema.

"Mjomba, hesabu imekubali," akasema. Halafu akaandika 22, akachora mstari chini yake, na chini ya mstari akaandika 7.

Yeyote aliyefanya hesabu za duara katika shule zetu anaijua hiyo. Swali linamalizika kwa kukuambia uchukue pai kuwa 22/7, nawe unachukua, huulizi. Mwalimu wetu wa darasa la saba ndiye aliyetaka tuulize. Alituagiza tulete sufuria na uzi wa kushonea. Ya kwetu ilikuwa ya ugali, masizi yametanda hadi kwenye ukingo, na uzi mweupe ukawa mweusi kabla hatujamaliza kuuzungusha. Tukaunyoosha juu ya rula, tukagawanya kwa kipenyo. Kundi moja lilipata 3.1, jingine 3.2. Mwalimu akasema hakuna aliyekosea na hakuna aliyepata. Sikumwelewa.

Wako wasomaji wanaosaka kila nambari katika riwaya hii: dini tatu, sehemu tatu, sura 100. Sikubaliani nao. Ukitafuta tatu utaiona hata kwenye mafiga. Lakini 227 naiona tofauti, kwa sababu 22/7 si pai. Igawanye uone: 3.142857142857, tarakimu sita zile zile zinazunguka bila kuchoka. Pai yenyewe haijirudii wala haina mwisho, na 22/7 inaizidi kidogo. Kwa hiyo siku za kijana huyu baharini zinabeba kipimo ambacho binadamu hukitumia kwa kitu kisichopimika kikaisha. Kwangu hapo ndipo imani yake ilipo. Pi anafuata dini ya Kihindu, Ukristo na Uislamu kwa pamoja, na siku padri, imamu na pandit wa Kihindu wanapokutana na wazazi wake, kila mmoja anataka achague moja. Yeye anasema anataka kumpenda Mungu tu. Anazungusha uzi.

Mpwa wangu hakuhitaji kuelezwa hayo. Baba yake ni Mwislamu wa Mumias, ambako Uislamu una mizizi tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Mama yake, dada yangu, ni Mkatoliki wa Kibuye. Mpwa wangu alipojiunga na shule ya upili, fomu ilikuwa na nafasi moja ya dini, na mtu wa ofisini akamjazia bila kumuuliza. Alikuwa na miaka 14. Hakutuambia hadi wiki hii, tukizungumzia Pi anavyosimama mbele ya darasa jipya ubaoni. Wenzake wa shule ya zamani walikuwa wameligeuza jina lake Piscine kuwa neno la Kiingereza la kukojoa, basi anaandika π = 3.14, anachora duara na kulikata katikati kwa kipenyo. Anajipa jina mwenyewe kabla hawajampa lao. Mpwa wangu ameisoma sehemu hiyo mara nne.

Mimi hurudi sura ya 94. Chui milia Richard Parker, aliyeelea naye mashuani siku hizo zote, anaingia msituni bila kugeuka, bila kuaga, na Pi analia. Ndipo anapomwomba mwandishi amsimulie katika sura 100 kamili, isizidi wala isipungue, kwani hiyo nambari yake isiyokoma ndiyo kitu anachokichukia katika jina lake. Utotoni alikimbilia ndani yake, lakini baada ya kupoteza familia yake anataka nambari kamili, yenye mwisho. Sijui sehemu nyingine ya riwaya hii inayoniuma kama hiyo. Mpwa wangu anapinga. Anasema aliyefiwa hataki mwisho, anataka marehemu wake aendelee kusimuliwa. Tulibishana hadi chai ikapoa.

Jana jioni akaomba uzi. Tukachukua sufuria ya chai, mdomo wake sentimita 22 kwa rula yangu. Uzi ukatoa 69 na nusu. Akapiga hesabu pembeni ya gazeti: 3.16. Akautazama kidogo, akaufungua, akauzungusha tena, safari hii akiubana kwa kidole gumba.