Kazi ya mkataba au ajira ya kudumu: nani anaubeba mwezi usio na kazi?

Hapa Tanzania, kijana aliyesomea kompyuta Kijitonyama au Dodoma, akafanya kazi miaka mitatu minne na jina lake likaanza kutajwa, hufika mahali akawa na barua mbili mkononi. Tuseme moja imetoka benki: ajira ya kudumu, mshahara wa shilingi 2,000,000 kabla ya makato. Ya pili imetoka kwa kampuni inayofunga mifumo kwa wateja: mkataba wa miezi 12, shilingi 2,600,000 kwa mwezi, kodi na mambo mengine ajimalizie mwenyewe. Nyumbani watamwambia achukue ya benki, kwa sababu kazi ni ile yenye pensheni. Wenzake watamwambia ajira ya kudumu imebaki jina tu, achukue hela.

Wote wanatazama kiasi kilichoandikwa na jina la ajira. Mimi naona swali la kuanza nalo ni jingine: mwezi ambao hakuna kazi, au unaumwa, au umejifungua, au mteja amechelewa kulipa, unabebwa na nani? Katika ajira ya kudumu sehemu kubwa ya mwezi huo inabebwa na mwajiri. Katika mkataba wa kutoa huduma unabebwa na wewe mwenyewe, na malipo yako yanapaswa kuwa na bei ya mzigo huo ndani yake. Vijana wengi wa TEHAMA wanasaini bila kuidai bei hiyo.

Tufanye hesabu. Mwajiriwa wa benki, kwenye 2,000,000, anakatwa 200,000 za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Inayobaki, 1,800,000, inatozwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, ya 368,000. Anapeleka nyumbani 1,432,000, na kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka pia, yaani 300,000 nyingine. Wa mkataba anakatwa na anayemlipa kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 130,000, na mkononi anapokea 2,470,000. Tofauti ni zaidi ya milioni moja kila mwezi, na kwa kijana anayelipia chumba Sinza huku akisomesha mdogo wake, milioni hiyo si maneno.

Lakini ile asilimia 5 ni malipo ya awali tu. Mwisho wa mwaka atakaa na TRA, mamlaka ya kodi, na viwango vya kodi ya mtu binafsi ni vilevile anavyotozwa mwenzake wa benki. Deni la Bodi ya Mikopo nalo halijafutika, ila hakuna anayemkata. NSSF hakuna aliyemchangia. Mwenzake alichangiwa na mwajiri asilimia 10 juu ya mshahara, kwa hiyo thamani ya mwaka wake ni 26,400,000, na ndani yake mna siku 28 za likizo yenye malipo. Wa mkataba, ikiwa kazi haikukatika hata siku moja na hakupumzika, atapata 31,200,000, na hapo mkataba umeshinda waziwazi. Akipumzika mwezi mmoja na kukaa miezi miwili akitafuta kazi inayofuata, anabaki na miezi 9, yaani 23,400,000. Ili tu alingane na mwenzake katika mwaka wa namna hiyo, alipaswa kudai karibu 2,930,000 kwa mwezi, kabla hajanunua bima ya afya, kompyuta na bando.

Kuna kitu kingine ndani ya zile 600,000 za nyongeza. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, anapomwajiri mtu kwa 2,000,000, hulipa juu yake asilimia 10 ya NSSF, asilimia 3.5 ya SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Jumla ni 280,000. Karibu nusu ya nyongeza inayomvutia kijana ni fedha ambayo kampuni ingeitoa kwa vyovyote. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayesaini mkataba wa huduma ajadili bei kama mfanyabiashara, maana kisheria ndicho alichokuwa.

Na hapa pana mkanganyiko unaowagharimu watu sana, kwa kuwa mikataba ya aina mbili tofauti kabisa inatajwa kwa pumzi moja. Wa kwanza ni mkataba wa ajira wa muda maalum. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 14, inauruhusu kwa wataalamu, na mhandisi wa programu ni mtaalamu. Aliye kwenye mkataba huo ni mwajiriwa kamili: ana PAYE, ana NSSF, ana likizo. Muda ukiisha ajira inaisha, lakini kama mwajiri alimjengea matarajio ya msingi kwamba mkataba ungehuishwa, kifungu cha 36 kinampa pa kusimamia. Mkataba huo naona ni njia nzuri ya kati, na mtu asiukatae kwa sababu tu hauna neno la kudumu.

Wa pili ni mkataba wa kutoa huduma, ambapo wewe ni biashara inayoiuzia kampuni kazi. Huu nao ni halali na una heshima yake. Tatizo ni pale kampuni inapokuita mtoa huduma huku ikikutaka ofisini saa mbili asubuhi, inakupa kompyuta yake, meneja anakupangia kazi za kila siku, unaomba ruhusa kwenda msibani, na huna mteja mwingine. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema kigezo kimoja tu kati ya kadhaa kinatosha mtu kuchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo: saa zako kupangwa na mwingine, kumtegemea mtu mmoja kiuchumi, kupewa vifaa, na wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ni wangapi wanakaa miaka katika hali hiyo wakiamini hawana haki yoyote kwa sababu karatasi imeandikwa “mshauri”? Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi huzimaliza wakiuliza marafiki.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Microsoft ilitumia kwa miaka watu wa mkataba waliokaa ofisi moja na waajiriwa, wakifanya kazi ileile. Mwaka 1990 mamlaka ya kodi ya Marekani iliona baadhi yao walikuwa waajiriwa. Wafanyakazi wakafungua kesi mwaka 1992 kudai mafao, ukiwemo mpango wa kununua hisa kwa bei nafuu, na mwaka 2000 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 97 kumaliza shauri. Ilichukua miaka minane, na waliodai walikuwa na mawakili na umoja. Programa mmoja wa Mikocheni hana hivyo viwili, kwa hiyo kinga yake ni kusoma karatasi kabla ya kusaini.

Sasa upande wa pili, maana wanaosema ajira ya kudumu haidumu hawatungi. Novemba 2022 Meta iliwaondoa watu 11,000. Januari 2023 Google ilitangaza kuondoa 12,000. Karibu zaidi na sisi, Andela, iliyokuwa ikiwaajiri vijana wa Kiafrika na kuwaunganisha na kampuni za nje, Septemba 2019 iliwapunguza watengenezaji programu wapatao 400 Nigeria, Uganda na Kenya. Walikuwa waajiriwa, na barua zao hazikuwakinga. Baadaye kampuni yenyewe ikahamia kwenye kuunganisha wateja na wataalamu wanaojitegemea popote walipo.

Kwetu sheria inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao. Hiyo ni kinga ya utaratibu, nayo ina thamani, lakini tazama kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Aliyefanya kazi miaka mitano anaondoka na siku 35, kama hakuna makubaliano bora zaidi. Aliyechukua mkopo wa nyumba kwa kuamini ajira ni ya maisha ataona zinavyoisha haraka. Kinachomvusha aliyepunguzwa kazini ni ujuzi ambao mwajiri mwingine anauhitaji leo.

Kwa hiyo suala la ujuzi nalipa uzito kuliko pensheni, na hapa nina maoni makali kidogo. Mtu wa mkataba huona mengi: mwaka huu mfumo wa hospitali, mwakani malipo ya simu, halafu SACCOS. Anajifunza kuingia mahali pageni na kuelewa tatizo ndani ya wiki mbili. Ila mara nyingi anaondoka mfumo ukiwa mpya. Hakuwepo kanzidata ilipojaa mwaka wa tatu, wala usiku wa kufunga mwezi hesabu zilipokataa kuoana kwa sababu ya uamuzi aliouchukua yeye mwenyewe siku ya kwanza. Aliyebaki ndiye aliyeamshwa saa nane usiku, na ndiye aliyejifunza kwa nini programu hujengwa kwa namna fulani na si nyingine. Ujuzi huo hapewi mtu kwenye kozi. Naamini anayeanza kazi anauhitaji kuliko kitu kingine chochote, pamoja na mkubwa wa kazi anayesoma msimbo (code) wake mstari kwa mstari na kumrudishia.

Ubaya wa kukaa ni kwamba unaweza kujifunza mfumo mmoja mpaka ukawa mtu wa mfumo huo tu. Mabenki na taasisi za umma hununua mifumo mikubwa kutoka nje, na afisa TEHAMA hugeuka mtu wa kupokea malalamiko na kuyapeleka kwa muuzaji. Miaka minane ya hivyo, hata ikiwa na pensheni ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, inamwacha mtu bila kitu cha kuonyesha sokoni. Aliye katika hali hiyo hasara yake haionekani kwenye hati ya mshahara, na huko ndiko iliko hatari.

Kwa mwanamke mezani kuna jambo zaidi, na washauri wengi wanaume hulisahau. Mwajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Mtoa huduma ana siku alizojiwekea akiba. Binti anayepanga kuzaa ndani ya miaka miwili ana kila sababu ya kuupa mkataba wa ajira uzito, na asione haya.

Wanaofanyia kazi wateja wa nje wana hesabu yao peke yake. Dola zimewabeba wengi, lakini mwaka 2024 shilingi ilishuka hadi zaidi ya 2,700 kwa dola, kisha kabla ya mwaka kuisha ikapanda kufikia 2,400 hivi. Kipato cha mtu kilipungua kwa zaidi ya sehemu ya kumi bila kufanya kosa lolote. Mei mwaka huohuo nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na anayelipwa kwa saa alikaa akitazama saa zake zikipotea. Na tangu kanuni za mwaka 2025, bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi hazipaswi kuwekwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo asiyekuwa na mteja wa nje asahau dola kwenye ankara zake.

Ningekuwa namshauri yule mwenye barua mbili, ningemuuliza kwanza benki inampa kazi gani. Kama atajenga na kutunza mifumo chini ya watu wanaomzidi, aende hata kwa fedha pungufu, akae miaka mitatu au minne. Kama ni kupokea malalamiko tu, achukue mkataba, lakini si kwa 2,600,000. Adai 3,000,000, alipwe sehemu kabla ya kuanza, iandikwe siku ya mwisho ya kulipa kila ankara, iandikwe msimbo ni mali ya nani, na awe huru kuhudumia mteja mwingine. Kampuni ikikataa hilo la mwisho huku ikikataa pia kumwita mwajiriwa, imeshamjibu kila alichotaka kujua. Akikubaliwa, afungue akaunti ya pili mwezi wa kwanza, aweke humo kodi, na ajiandikishe NSSF kama mchangiaji wa hiari kabla hela haijazoeleka mkononi.

Nao waajiri wanaomhuishia mtu yuleyule mkataba wa miezi mitatu mitatu kwa miaka minne, wakati ndiye peke yake anayejua seva ya malipo inavyoendeshwa, waangalie wanachokiweka rehani. Mtu huyo anaruhusiwa kuondoka siku mkataba unapoisha, bila notisi wala deni, na benki ya jirani inamhitaji.