Hita ya Shemegi na Kanzu za Iddi

Mtu akikaa sana Toronto, baridi haimwingii mifupani tu, humwingia na kwenye fikra. Shemegi yangu yuko huko miaka mingi, mtu mwema, hakosi kupiga simu. Siku moja nikamwambia, katika kujisemea tu, kwamba masika haya yataniua: mie dobi, nguo nazianika Jumatatu, Alkhamis nikizishika bado zinanitota mkononi. Nalalamika, bwana. Nani kamwambia atafute dawa?

Basi kontena likaja na magodoro ya watu, baiskeli za watu, na dude langu. Pipa refu limelala juu ya tangi, mbele mdomo wazi, nyuma feni. Hita ya gereji. Wenyewe Kanada huiwasha theluji ikishuka, ili fundi ashike spana vidole visimgande. Inakula mafuta ya taa na umeme juu yake, halafu inatema joto. Naletewa mie, Unguja, ambako mtu akitoka kuoga jasho linamkuta mlangoni.

Haya, ahsante shemegi. Zawadi hairudishwi, na gharama za kuitoa bandarini nishazilipa mie.

Sasa dude halinywi vizuri. Ukiliwasha linanguruma, linatoa moshi mweupe, linashika moto kidogo, mara puu, kimya. Na ule moshi mweupe, kwa msiojua, ni mafuta yenyewe yamegeuka mvuke bila ya kuungua. Mvuke huo unakwenda kutua wapi? Kwenye kanzu za Iddi za watu! Mteja wangu mmoja, mzee wa heshima zake, kaja siku ya Iddi pili kashika kanzu kwa ncha za vidole. Anasema kaingia safu ya kwanza, wa kulia kajivuta, wa kushoto kajivuta, na mambo ya mwanya kwenye safu mnayajua. Kupanda daladala kurudi, konda kamwuliza dumu kaliweka wapi, maana mafuta hayapandi na abiria.

Tangu hapo baraza la duka langu limegeuka chuo cha ufundi. Wale waliokuwa wakija kucheza bao na kunywa kahawa kwa utulivu wao, sasa kila mmoja ana shahada ya hita. Mkubwa wao ni mzee mmoja ambaye cheti chake ni ile kiza ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika tukakaa miezi mitatu bila ya umeme. Anasema katika miezi ile kawasha kandili kuliko mtu yeyote mtaani, kwa hiyo mafuta ya taa anayajua kwa harufu. Akanusa tangi langu. Akatangaza: "Haya yana maji."

Na kweli yalikuwa na maji, ndilo linaloniudhi! Nilimtuma kijana wangu wa dukani akanunue mafuta, kayanunua kwa mtu mwenye dumu lililokaa nje na mvua, kifuniko chake kitambaa. Tukayatia kwenye chupa nyeupe tukayaacha yatulie usiku kucha. Asubuhi mafuta juu, maji chini, na katikati mstari uliokwenda sawa kabisa. Maji ni mazito, hukaa chini, na ule mpira wa hita unafyonza huko huko chini. Tukamwaga yote, tukapangusa tangi, tukanunua mengine kituoni kwa bei yake inayotangazwa na ZURA, wale wadhibiti wetu wa nishati na maji, bei ambayo nikiisoma hunijia kwikwi. Tangu siku hiyo mzee hanywi kahawa kwa pesa yake. Anasema ni ada ya uchunguzi.

Tukawasha. Moshi. Kimya.

Wa pili akasema mafuta yamelala, yatiwe petroli kidogo yaamke. Huyu nilimtoa barazani kwa adabu zote. Bwana we, mafuta ya taa mvuke wake haushiki moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli mvuke wake unashika hata kwenye nyuzi 40 chini ya sufuri, baridi ambayo shemegi mwenyewe hajaionja. Sasa kwa joto la duka langu, na lile cheche la plagi, yangeamka mafuta yakaamka na majirani mpaka Mwembeladu. Akanuna, akaenda kukaa kibaraza cha pili. Lakini ushauri anautoa kutoka kule kule, kwa sauti.

Halafu akaja jirani yangu, bibi mmoja aliyepikia jiko la pampu tangu ujana wake, na sindano yake mkononi. Mnaikumbuka ile sindano ya kuzibulia jiko? Kaitunza kwenye kopo la tangawizi. Anataka kuichoma nozeli, kile kidude chenye tundu la kurushia mafuta, kwa sababu majiko yote duniani, kwa hesabu yake, huziba kwa namna moja. Nikampigia magoti. Tundu la nozeli hii limepimwa. Hewa inapita kwa kasi, ndiyo inayovuta mafuta kutoka tangini na kuyarusha yawe ukungu. Ukilikwaruza kwa sindano limekwisha, litamwaga mafuta badala ya kuyapuliza. Hulowekwa kwenye mafuta safi, kisha likapulizwa kwa hewa. Bibi akaniambia nimesoma sana ndiyo maana nguo za watu hazikauki.

Filta ya mafuta tulibadilisha, ile ya hewa tulikung'uta, kukatoka vumbi la Kanada. Mpira ulikuwa na ufa karibu na kiungo, ukifyonza hewa badala ya mafuta. Tukaukata ncha tukaurudisha. Kuna na kijicho ndani kinachouangalia moto, kisipouona kinazima kila kitu. Kimepakaa masizi. Nikakipangusa kwa pamba. Hakuna kitu kwenye dude lile ambacho sijakipangusa, na bado linakata.

Jibu lilikuja na kijana wa Kipemba, fundi umeme, kaja kuchukua mashuka yake tu. Kaangalia hita, kaangalia transfoma niliyoinunua kushusha umeme wetu wa volti 230 uwe 120 za Kanada, akauliza: "Na hezi je?" Hezi gani? Kumbe umeme wa kule hupiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Transfoma inashusha volti, hezi haizigusi. Mota inazunguka polepole, mizunguko mitano mahali pa sita, pampu ya hewa inachoka, hewa kidogo, mafuta yanayovutwa kidogo, moto unakufa, kijicho kinazima. Nyuma ya pampu kuna skrubu. Akafunga geji, akaizungusha skrubu kidogo kidogo mpaka presha ikafika pale ilipoandikwa ubavuni mwa mashine. Dude likawaka moto safi, hakuna moshi, hakuna harufu. Akalipa mashuka yake, akenda zake. Hata kahawa hakuomba.

Barazani wakasema maneno hayo hayo ndiyo waliyokuwa wakinambia siku zote.

Nikatundika kanzu mbali na mdomo wa moto, nikangoja. Joto, subhanallah, unaweza kuoka boflo. Nguo? Bichi! Nampigia simu yule kijana, ananiambia kwa upole: lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa maji lita moja na ushei, yanatoka kama mvuke. Yaani nanunua mafuta kwa bei ile nimwagilie nguo zangu mwenyewe. Nifungue mlango, mvuke utoke? Kuufungua ni lazima vilevile, gesi ya moshi inaua kimya kimya. Nikaufungua. Masika yakaingia yote.

Lakini sitasema uongo, faida moja nimeiona. Joto lilipotoka mlangoni lilipiga moja kwa moja barazani. Mzee wa kandili aliinuka kwanza, kofia mkononi. Wa petroli akafuata, bibi akachukua kopo lake, bao likabebwa na kete zake zote. Baraza jeupe. Nikakaa peke yangu, natoka jasho, nasikiliza feni, raha mustarehe.

Jioni narudi nyumbani, nakuta wote wamejipanga kwenye baraza langu, bao katikati, na mke wangu ananiuliza kutoka ndani kama kahawa ya wageni ninunue mie au aendelee kukopa.