Tuzo ya Shah Rukh Khan na lugha ya watu 2,000

Agosti 2025 ilipotoka orodha ya Tuzo za Taifa za Filamu za India, gumzo lilikuwa moja: hatimaye Shah Rukh Khan, mfalme wa sinema za Kihindi, kaipata ya mwigizaji bora wa kiume, baada ya miaka zaidi ya 30 ya kuigiza, tena kwa kugawana na mwigizaji mwenzake Vikrant Massey. Wabishi wakauliza, tuzo gani hii ya serikali inayomsahau mfalme muda wote huo, ije kumkumbuka kwa Jawan, sinema ya mabunduki?

Wana hoja, na si hiyo tu. Tuzo ziko chini ya wizara ya habari, na filamu isiyo na cheti cha bodi ya ukaguzi haishindanishwi. Orodha hiyohiyo ilimpa Sudipto Sen uongozaji bora kwa The Kerala Story, ambayo kionjo chake kilidai wasichana 32,000 wa jimbo la Kerala wamenaswa na ISIS, kabla idadi haijashushwa kuwa watatu. Watatu! Anayesema siasa ilitia mkono kwenye chungu, simbishii.

Ila shuka chini kwenye orodha. Utakuta tuzo ya filamu bora ya Kigaro, Rimdogittanga, na ya filamu bora ya Kitai Phake, Pai Tang, lugha za kaskazini-mashariki mwa India. Watai Phake ni watu wapatao 2,000 huko jimbo la Assam. Elfu mbili! Hata wakate tiketi wote, hadi wachanga wa mgongoni, sidhani kama gharama za kamera zitarudi. Msambazaji gani wa Mumbai atawapigia simu? Mtu atasema: bora kati ya ngapi? Pengine moja. Na iwe hiyo moja. Kihadzabe chetu hapa Tanzania kingefurahia kuwa nayo. Wala si huruma ya juzi: tuzo zilipoanza, 1954, filamu bora ilikuwa Shyamchi Aai, ya Kimarathi.

Mei 2018 Rais Ram Nath Kovind alikabidhi tuzo 11 tu kwa mkono wake, nyingine wakapewa mawaziri wazigawe. Washindi zaidi ya 50 walisusa, wakitaka wakabidhiwe na Rais mwenyewe. Wengine waliona ni kudeka. Lakini Shah Rukh Khan ana picha na kila mkubwa duniani. Aliyetoka na kamera yake kijijini Assam, hiyo ya Rais ndiyo atakayoitundika sebuleni.